Daktari kanikataza kufunga, shangazi hajui. Nimwambieje?

BintiTanga22:
Asalaam aleykum. Nilipokuwa kidato cha tatu, bweni, niliacha kula. Nilianza kwa kugawa maharage, nikaja kugawa na ugali wenyewe. Wenzangu walinipenda kweli. Sketi nikawa naibana kwa pini nne. Hedhi ikakata miezi saba, nywele zinabaki kwenye kitana. Nyumbani wakasema jini, nikanyweshwa kombe wiki mbili. Daktari ndiye aliyetaja anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Mama akaacha vitumbua vyake, kila mlo anakaa mbele yangu mpaka sahani iishe. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Nikarudia darasa, nikamaliza, sasa nasomea uhasibu Dar, nimehamia kwa shangazi.

Mwaka juzi nilijaribu kufunga. Siku ya nne nikaanza kuipenda ile njaa, kama shoga wa zamani anayebisha hodi. Kufika kumi la mwisho, daku nilikuwa namwaga sinkini. Mwaka jana sikufunga, lakini nilikuwa kwa mama. Shangazi yeye husema vidonda vya tumbo vya vijana ni visingizio. Sasa mchana nitakula wapi? Sitaki kujificha na sahani, maana kujificha ndiyo tabia yenyewe niliyoiacha.

Kobazi:
Mwambie uko kwenye siku zako.

BintiTanga22:
Siku thelathini, kaka?

NesiZamuUsiku:
Mdogo wangu, Al-Baqara aya ya 184 ilishamruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Habari ya kulipa au kutoa fidia muulize shehe, usijiamulie. Na usidhani imani yako ndiyo dhaifu. Mwaka 1945 kule Minnesota, Marekani, wanaume 36 wenye afya zao walijitolea kupunguziwa chakula karibu miezi sita ili wataalamu waone njaa inamfanya nini mtu. Wakaishia kulamba sahani na kukusanya vitabu vya mapishi, wanaume wasiowahi kushika mwiko! Njaa huteka akili ya yeyote, seuze wewe iliyokwisha kukuteka mara moja. Hilo la shangazi mwachie mama yako alibebe. Ni mawifi, watajuana.

MamaVitenge:
Mimi yangu ilikuwa bulimia, nilikuwa nakula halafu natapika. Meno ya nyuma yamelika hadi leo. Sasa nina miaka 31, nina duka, nina watoto wawili. Mwezi mtukufu, saa saba, natandika mkeka uani nakula na watoto, mlango wazi. Mwaka wa kwanza mawifi walinisema mpaka nikakoma. Mwaka wa pili mmoja akaniwekea chapati mbili kwenye kawa, hakusema neno. Usile chumbani, mdogo wangu. Chumbani ndiko tulikougulia.

BintiTanga22:
Mrejesho. Mama kapiga simu jana, wameongea mlango umefungwa, sijui walisemezana nini. Shangazi katoka macho mekundu, kaniuliza tu: "Mchana utapenda wali au ndizi?" Nikasema wali. Akasema basi nitakula na bibi, mama mkwe wake, ambaye sukari haimruhusu kufunga na kila mwaka hula peke yake akinung'unika.

Bibi keshaniuliza kama napenda ukoko.