Kwa nini barafu ya Aktiki bado inatobolewa kwa keekee ilhali setilaiti zipo?

Muulizaji
Habari zenu, wanajukwaa. Nimesoma kwamba setilaiti zimekuwa zikipima eneo la barafu ya Bahari ya Aktiki tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, hata gizani na penye mawingu. Kama ndivyo, kuna haja gani ya kuwapeleka wanasayansi wakatoboe matundu kwa mikono yao, huku mwenzao mwenye bunduki akiangaza macho dubu wasije wakawavamia?

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu muulizaji, eneo ni jambo moja na unene ni jingine. Setilaiti ulizosoma habari zake hutuonyesha barafu imeenea hadi wapi, lakini hazituambii kama ina unene wa sentimita 50 au mita 3. Ziko nyingine zinazokadiria unene, kama CryoSat-2 iliyorushwa mwaka 2010, ambayo hutumia rada, na ICESat-2 ya mwaka 2018, inayotumia leza. Hata hivyo, zinachopima hasa ni kimo cha sehemu iliyochomoza juu ya maji. Kwa kuwa sehemu hiyo ni takriban moja ya kumi tu ya barafu yote, kimo hicho hulazimika kuzidishwa ili kupata unene, na kosa nalo huzidishwa pamoja nacho: ukikosea sentimita 3 juu, umekosea karibu sentimita 30 kwa jumla. Kinachosumbua zaidi ni theluji, maana uzito wake huididimiza barafu, na mawimbi ya rada hayaipenyi kwa kiasi kilekile kila mahali. Asipokuwapo mtu wa kuipima theluji hiyo palepale, hesabu ya setilaiti hubaki na shaka kubwa.

Muulizaji
Nimekuelewa, ahsante. Lakini tundu moja litawakilishaje bahari nzima?

Mchangiaji wa pili
Haliwakilishi, na wala hawategemei matundu peke yake. Huburuta juu ya theluji kifaa chenye koili kinachotoa uga wa sumaku. Maji ya bahari, kwa chumvi yake, hupitisha umeme vizuri kuliko barafu, kwa hiyo kifaa hutambua maji yako umbali gani chini yake. Ukitoa kina cha theluji, ambacho hupimwa kwa fimbo maalumu, unabaki na unene wa barafu. Kazi ya tundu ni kuhakiki kifaa hicho, hasa kwenye matuta ya mabamba ya barafu yaliyogongana na kupandana, ambako kifaa husawazisha vipimo na kuonyesha unene mdogo kuliko uliopo.

Mchangiaji wa tatu
Naongeza kwamba bamba lilelile la barafu linapaswa kufuatiliwa msimu hadi msimu. Ndiyo maana meli ya Polarstern ya Ujerumani, katika msafara wa utafiti wa MOSAiC, ilitia nanga kwenye bamba la barafu Oktoba 2019 na kuelea nalo, mbinu ambayo Fridtjof Nansen, mvumbuzi wa Norway, aliitumia kwa meli ya Fram mwaka 1893. Bamba hilo lilivunjikavunjika mwishoni mwa Julai 2020. Binafsi naona vipimo vya kiangazi ndivyo vyenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu madimbwi ya maji yaliyoyeyuka juu ya barafu huakisi rada sawasawa na nyufa za barafu zinazofichua bahari, na nyufa hizo ndizo setilaiti huzitegemea kujua usawa wa maji uko wapi.