Kundi la Ukoo: Sifuri ya Uswisi

Salma: Nimerudia kuangalia fainali ya Eurovision ya 2025, yale mashindano ya nyimbo ya Ulaya, ile ya Basel, Uswisi. Yaani Zoë Më wa Uswisi, mwenyeji kabisa, kapewa SIFURI na watazamaji 😭 Ulaya nzima hakuna aliyempigia!

Mjomba Idi: Aibu hiyo. Umealika watu kwako halafu hakuna hata anayekuamkia.

Hamisi: Shikamoo mjomba. Salma katia chumvi. Sifuri si kwamba hakupigiwa kura. Kura za watu zikihesabiwa kila nchi, nyimbo kumi za juu tu ndizo zinapata pointi: 12, 10, kisha 8 kushuka hadi 1. Ukiwa wa 11 kila mahali, huna chako.

Mjomba Idi: Marahaba. Umekuwa wakili wake?

Hamisi: 😂😂 Pointi za majaji wa kila nchi hujumlishwa na za watazamaji. Majaji walimpa 214, wa pili nyuma ya Austria. Akamaliza wa 10.

Shangazi Mwanaidi: Majaji wa mchongo hao.

Hamisi: Hapana shangazi. Jaji lazima azipange nyimbo zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Mtazamaji wa nyumbani anampigia aliyemkosha tu, na mwaka huo kura zake zote 20 aliweza kummwagia huyo huyo. Sasa "Voyage", wimbo wa Zoë, ni wa taratibu, wa Kifaransa. Kila mtu anasema mzuri, ila chaguo lake la kwanza ni mwingine.

Salma: Mimi ningemwaga zote

Mama Tatu: Si ndio hao Waswisi walioshinda 2024? Yule anayeyumba juu ya duara linaloinama, mimi roho juu nikijua anaanguka!

Salma: Nemo! Hakuanguka, kombe ndilo lililovunjika mkononi 😂 la kioo lile

Hamisi: Na pale Malmö, Sweden, mwaka huo wa 2024, pia watazamaji walimtaka Mkroatia, walimpa 337, Nemo 226. Majaji ndio waliombeba, 365.

Shangazi Mwanaidi: Nilisema mimi.

Mjomba Idi: Uswisi ya kweli ni ile ya 1988, Celine Dion.

Mama Tatu: Celine si Mkanada jamani?

Hamisi: Mkanada, ndiyo. Mwimbaji halazimiki kuwa raia wa nchi anayoiimbia. Alimpita Mwingereza kwa pointi moja, 137 kwa 136.

Mama Tatu: Moja!! Huyo Mwingereza alilala kweli?

Shangazi Mwanaidi: Na mwaka huo nani walipiga kura?

Hamisi: Mmh… majaji watupu.

Shangazi Mwanaidi: Na lile kombe lao la kwanza?

Hamisi: 1956, Lys Assia, shindano lenyewe ndiyo linaanza. Majaji tena 🙈

Shangazi Mwanaidi: Haya. Makombe matatu, yote ya majaji.

Salma: Ila shangazi, 2025 majaji hao hao walimpa 214 na hakushinda

Shangazi Mwanaidi: Nyamaza wewe. Nitumie huo wa Celine.