Mwezi wa 11 huu Mama hana macho, halmashauri ya hapa England bado inatuambia tuko kwenye foleni ya mtaalamu wa kumfundisha kuishi bila kuona

Wakuu, habari za jioni. Miaka yote humu nimekuwa msomaji tu, leo nimeshindwa kunyamaza. Uzi ni mrefu, nivumilieni. Nina hasira, na kuna wenzangu wengi huku ughaibuni wana wazazi wa umri huu na hawajui haki zao.

Mama yangu ana miaka 66. Alikuja England 2003, akafanya usafi wa usiku maofisini mpaka magoti yakakataa. Presha ya macho, yaani glakoma, ilimla taratibu bila maumivu. Alipoanza kujigonga kwenye milango ya makabati tukadhani ni uchovu. Mwishoni mwa Januari daktari bingwa wa macho alisaini cheti kwamba uoni wake umeharibika kwa kiwango kikubwa, ngazi ambayo zamani waliiita upofu moja kwa moja. Mama aliweka sahihi ya kukubali taarifa zake zipelekwe halmashauri. Nilimshika mkono nikamwekea kidole kwenye mstari, akaandika jina lake likapanda juu.

Sasa sikilizeni. Mwongozo wa serikali unaoambatana na Care Act ya 2014, yaani sheria ya matunzo ya watu wazima, unasema halmashauri ikishapokea cheti hicho iwasiliane na mhusika ndani ya wiki 2. Sisi tulipata barua mwezi wa 5. Na barua yenyewe! Imechapwa kwa herufi ndogo za kawaida, kurasa 3, anatumiwa mtu ambaye cheti chake kinasema hasomi. Ilikaa mezani siku 4 mpaka nilipotoka zamu za usiku nikaiona. Tangu Agosti 2016 huduma za jamii za watu wazima hapa England zinatakiwa kumuuliza mwenye ulemavu anataka taarifa kwa njia gani, iwe maandishi makubwa, sauti, nukta nundu au simu, kisha wazitume kwa njia hiyo. Kwenye cheti kuna sehemu ya kujaza hilo. Tulijaza. Hakuna aliyesoma.

Kabla mtu hajasema tunataka vya bure, nieleze tunachodai. Hatudai hela, wala hatudai mtu wa kuja kumwogesha. Kuna mtaalamu ambaye kazi yake ni kumfundisha mtu aliyepoteza macho aishi upya. Anakuja nyumbani kwako, jikoni kwako. Anabandika vinundu vya plastiki kwenye swichi za jiko ili kidole kijue moto uko wapi. Anakuonyesha kifaa kidogo kinachoning'inizwa ukingoni mwa kikombe, maji ya moto yakikaribia juu kinalia. Anakufundisha kushika kiwiko cha anayekuongoza badala ya kuburutwa mkono. Halafu anakutoa nje na fimbo nyeupe, unaipeleka kushoto na kulia kwa upana wa mabega huku unatembea, mnarudia njia moja ya kwenda dukani mpaka miguu iikariri. Kazi hii ina watu waliosomea. Hufundishwi na jirani, na video za mtandaoni hazitoshi.

Mfano mmoja tu. Nimeishi nchi hii miaka 20 na zaidi, nikibonyeza vile vitufe vya kuvukia barabara karibu kila siku. Mwezi uliopita mzee mmoja Mjamaika asiyeona, tulikutana kituo cha basi, akamwambia Mama apapase chini ya kisanduku cha kitufe. Kuna kipini kidogo chenye mistari. Taa ya watu wa miguu ikiwa ya kijani, kinazunguka. Mama alikishika, kikazunguka chini ya vidole vyake, akasema, "Mwanangu, kumbe kilikuwepo siku zote?" Nililia pale pale. Kitu cha dakika 1, na miezi 10 yote hakuna mtu wa ofisini aliyekuja kumwonyesha.

Mwezi wa 8 ndiyo wakapiga simu. Nilikuwa kazini. Dada wa watu akamuuliza Mama, unaweza kujipikia chai? Mama akajibu ndiyo, nashukuru. Unavaa mwenyewe? Ndiyo. Unaishi na nani? Na binti yangu. Dakika 12, nimeziona kwenye simu. Wakaandika kwamba mahitaji yake ni madogo, anajimudu, ana familia, awekwe kwenye foleni ya kawaida. Foleni ina urefu gani? Hawasemi.

Mama ni mtu wa Tanga. Mwanamke wa kule wa umri wake hamwambii mgeni kwenye simu kwamba usiku anapapasa ukuta kutafuta choo, au kwamba anavaa kanga na hajui kama ameigeuza. Anaulizwa hali, anajibu njema. Ndivyo alivyolelewa. Ukitaka kujua kama asiyeona anaweza kupika chai, njoo ukae jikoni umwone akimimina. Mwezi wa 3 alijimwagia maji ya moto mkono mzima wa kushoto, ngozi ikatoka. Angeulizwa kuhusu mkono angesema umepona, maana ni kweli umepona.

Na hili la "ana familia" ndilo limeniwasha kabisa. Sheria yao wenyewe inataka mahitaji ya mtu yapimwe kana kwamba hana anayemsaidia. Mimi kumpikia kabla sijaenda kazini hakumfanyi Mama aone. Isitoshe, mafunzo haya yamo kwenye wajibu wa halmashauri wa kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, kwa hiyo hata asiyefikia kiwango cha kupewa matunzo anaweza kuyapata. Wanachanganya kumfundisha mtu na kumtunza. Hawamfundishi kwa sababu hajaharibikiwa vya kutosha kuhitaji kutunzwa! Mwongozo huo huo unasema msaada wa kumrudisha mtu kwenye uwezo wake hutolewa bila malipo hadi wiki 6, na kwa aliyepoteza macho karibuni unakiri kwamba wiki 6 zinaweza zisitoshe. Vifaa vidogo chini ya pauni 1,000 navyo ni bure. Yote yameandikwa. Sisi wiki ya kwanza hatujaiona.

Mnajua kusubiri kumemfanya nini? Januari Mama alikuwa bado anakwenda dukani mwenyewe kwa kukisia, na Jumamosi anafika kwa akina mama wenzake mtaa wa pili. Mwezi wa 4 alijikwaa kwenye ukingo wa barabara akaanguka, hakuvunjika, lakini hofu ikamwingia. Tangu hapo hatoki bila mimi. Anakaa kiti kile kile karibu na dirisha, redio imewashwa, miguu imeanza kuvimba kwa kutotembea. Wiki iliyopita aliniambia anasikitika kuwa mzigo kwangu. Mwanamke aliyenilea peke yake kwa mshahara wa deki na fagio! Wakija leo, kabla ya fimbo itabidi kwanza wamtoe hofu ambayo Januari haikuwepo.

Najua kuna watakaoandika "shukuru Mungu uko Ulaya, huku nyumbani kipofu hana hata barua". Naelewa, na inaniuma pia, nina mjomba Muheza anaongozwa na mjukuu ambaye angekuwa shuleni. Lakini Mama amelipa kodi hapa miaka 18. Haki iliyoandikwa haigeuki hisani kwa sababu kwingine haipo.

Pia sina ugomvi na wataalamu wenyewe. Nilipoenda ofisini mapokezi walinieleza kwa adabu kwamba wanaye mmoja kwa eneo lote na yuko likizo ya ugonjwa. Basi waliopanga bajeti wakaamua mtu mmoja anatosha ndio wajibu.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeandika malalamiko rasmi, kwa maandishi, nikitaja tarehe ya cheti, zile wiki 2, barua ya herufi ndogo na ile simu ya dakika 12. Nimeomba tathmini ifanyike upya, ana kwa ana, nyumbani, nikiwepo na mkalimani wa Kiswahili akiwepo. Wasiporidhisha, nakwenda kwa Ombudsman, yaani mchunguzi huru wa malalamiko, anayeshughulikia halmashauri na huduma za jamii. Haulipi chochote, ila lazima uanze na halmashauri yenyewe, na usipitishe miezi 12 tangu ulipolijua tatizo. Naongelea England tu, Scotland na Wales wana sheria zao.

Na jambo jingine, tafadhali msilipuuze. Glakoma hutembea kwenye damu, na sisi weusi inatupata zaidi. Ukiwa na miaka 40 au zaidi na mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wako anayo, hapa England kipimo cha macho ni bure. Mimi nina 43, nimeshapima. Kaka yangu anasema anaona vizuri. Mama naye alikuwa anasema hivyo hivyo.

Sasa naomba waliopitia hili waniambie: mlisubiri miezi mingapi, na nini hasa kiliwafanya waje? Barua? Diwani? Mbunge? Halmashauri wana mpaka Ijumaa ijayo kunijibu. Nitarudi hapa hapa kuweka majibu yao.

NYONGEZA: Asanteni mlioniandikia faraghani. Kwa aliyeuliza kama amnunulie baba yake fimbo mtandaoni aanze mwenyewe: tulifanya hivyo mwezi wa 6, ikawa fupi mno, Mama akawa anatembea ameinama na bado anagonga vitu kabla fimbo haijavigusa. Urefu wake hupimwa kwa mwili wa mtu. Ipo nyuma ya mlango mpaka leo.