Mafundi na wauzaji wa Mbeya, acheni kuzisingizia valvu

Wanajukwaa, salaam.

Nimechoka kuambiwa, kila ninapopeleka amplifaya yangu ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) kwa fundi, "Mzee, hii mitambo ya zamani ndivyo ilivyo." Sivyo ilivyo. Kinachoiua ni uzembe.

Amplifaya yangu ina valvu nne za aina ya EL34, mbili kila upande. Fundi mmoja hapa mjini alichomeka mpya, akafunga boksi, akadai hela yake, bila kugusa bayasi hata kidogo, yaani kurekebisha mkondo unaopita kwenye valvu ikiwa haina sauti. Valvu hazilingani hata zikitoka katoni moja, na ndiyo maana kila moja inapaswa kupimwa mkondo wake na kurekebishwa volti hasi ya gridi (sehemu ya valvu inayodhibiti mkondo huo) kabla ya kukabidhiwa mwenyewe. Kazi yenyewe haihitaji elimu ya chuo kikuu: kwenye resista ya omu 1 iliyofungwa chini ya kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), milivolti 35 maana yake ni miliampea 35, basi. Asipofanya hivyo, anodi ya EL34 (bamba linalopokea elektroni hizo), ambayo kikomo chake ni wati 25, huzidiwa na kuiva ndani ya kioo mpaka inakuwa nyekundu kama kaa la moto. Yangu iliiva, fyuzi ikakatika kama inavyotakiwa, naye akaweka ya ampea 10 mahali pa ampea 3! Safari hiyo iliyoungua ni transfoma ya kutolea sauti, ambayo bei yake inazidi valvu zote nne kwa pamoja.

Muuzaji naye, nilipomrudia na karatasi ya dhamana, alijibu kwamba dhamana haihusu valvu kwa sababu "umeme wa Mbeya ni mbaya". Umeme wetu una matatizo yake, sikatai, hasa unaporudi ghafla wakati wa mvua za radi. Lakini nilipofungua boksi nilikuta transfoma ya kuingizia umeme imeunganishwa kwenye waya wa volti 220, huku waya wa 240 ukiwa umekunjwa pembeni haujaguswa. Nyumbani kwangu mita husoma 240 usiku. Kwa hesabu hiyo hita (waya unaoipasha valvu moto) inayotakiwa kupata volti 6.3 inapata karibu 6.9, na volti za anodi nazo zinapanda kwa kiwango hichohicho. Nani wa kulaumiwa hapo, umeme au aliyeuza bila kuhamisha waya mmoja?

Kuhusu mngurumo kwenye spika sitaki hata kusema mengi: kapasita za kusawazisha umeme ndani ya amplifaya zimekauka kwa joto na umri, lakini mteja anauziwa valvu nyingine, ambazo siku hizi hutoka Urusi, Slovakia au China na hazipatikani kirahisi huku kwetu.

Anayemfahamu fundi wa Mbeya, Iringa au Njombe anayepima bayasi kabla ya kufunga boksi, tafadhali aandike hapa. Na yule aliyebaki na valvu zangu za awali akidai zimekufa, azirudishe nizipime mwenyewe.