H. pylori (bakteria wa tumboni) chanya kwa kipimo cha damu, baba alifariki kwa saratani ya tumbo: watoto waanze dawa?

Soweto_Mbeya:
Habari wakuu. Familia moja hapa Mbeya, mzee amefariki kwa saratani ya mfuko wa chakula. Watoto wanne, wote watu wazima, wamepimwa damu maabara ya mtaani: watatu chanya, mmoja hasi. Hakuna anayeumwa, ila wawili wanameza omeprazoli kwa kiungulia. Wapewe dawa kwa majibu hayo hayo?

MaabaraMafinga:
Kamwene mkuu. Hapana, bado. Kipimo cha damu kinaonyesha kingamwili, si mdudu mwenyewe, na kingamwili hubaki miezi au hata miaka baada ya mdudu kufa. Wapime antijeni (chembe za mdudu mwenyewe) kwenye choo, wote wanne, maana kipimo cha damu hukosea pande zote mbili.

Hao wa omeprazoli waache wiki 2 kabla. Dawa hiyo hupunguza wadudu hadi kipimo kisiwaone, unapata hasi ya uongo. Antibayotiki, wiki 4. Kiungulia kikizidi katikati, dawa ya magnesiamu ya kutafuna inatosha. Choo cha majimaji usikipokee, kinapunguza uhakika. Na kipande cha kipimo kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi yake; ukikisahau mezani mstari hafifu utajitokeza wenyewe, halafu mtu anameza dawa bure.

FamasiaNjombe:
Atakayekuwa chanya: siku 14. Omeprazoli 20 mg, amoksilini 1 g, klarithromaisini 500 mg, kila moja asubuhi na jioni. Omeprazoli nusu saa kabla ya kula. Hesabu kabla hajaondoka dirishani: amoksilini za 500 mg ni vidonge 56, sio 28. Hapo ndipo wengi hupunjwa.

Muulize kwanza kama amewahi kupewa azithromaisini ya kikohozi. Kama ndiyo, klarithromaisini huenda ikagonga mwamba, kwa sababu usugu wa moja huhamia kwa nyingine. Huyo, pamoja na mwenye aleji ya penisilini, apewe bismathi, tetrasaiklini 500 mg mara nne, metronidazo 400 mg mara tatu hadi nne, na omeprazoli mara mbili. Mjamzito asipewe tetrasaiklini, na isimezwe na maziwa. Pombe, hata ulanzi na komoni, wasiguse mpaka siku 3 baada ya metronidazo kuisha. Waambie mapema kwamba bismathi hufanya choo kuwa cheusi, wasije wakakimbilia hospitali wakidhani ni damu.

Soweto_Mbeya:
Ndaga fijo. Lakini kama hawaumwi, kuna faida gani?

DaktariTumbo:
Hao ndio hasa wa kutibiwa, ndugu wa damu wa karibu. Mdudu huyu ametajwa kuwa kisababishi cha saratani tangu 1994. Kule Linqu, China, watu walipewa dawa wiki mbili mwaka 1995. Walipofuatiliwa zaidi ya miaka 20, saratani na vifo vilipungua. Ila ukuta wa tumbo ukishasinyaa, dawa haiondoi hatari yote. Kwa hiyo mwenye kupungua uzito, upungufu wa damu, choo cheusi bila bismathi au chakula kukwama, apelekwe endoskopi (kuangaliwa tumbo kwa kamera) hospitali ya rufaa kwanza, usianze na vidonge.

Baada ya dozi, wapime choo tena wiki 4 au zaidi, omeprazoli ikiwa imeachwa wiki 2. Usirudie kipimo cha damu: kitasema chanya tu.