Naombeni ushauri: ile sheria ya kuzuia watoto mitandaoni ikifika huku, akaunti ya mwanangu inafungwa?

MamaK: Wakuu habari za jioni. Nimesikia Australia tangu 10 Desemba 2025 mtoto wa chini ya miaka 16 haruhusiwi akaunti ya TikTok, Instagram, Facebook na mingineyo. Binti yangu ana 13, yupo TikTok na mafolowa wa kutosha. Ikija huku inakuwaje? Silali wenzenu.

Kandambili: Sheria ya Australia inakukosesha usingizi ukiwa Kirumba??

BabaWawili: Wa kwangu nilimnyang'anya simu akahamia kwenye ya bibi yake, sasa bibi ndo kanogewa, juzi nimemkuta sebuleni kajifunga kanga kiunoni anarekodiwa, nikarudi nje kimya kimya

Mwl_Nyakato: Kule faini ni ya kampuni, hadi dola zao milioni 49.5, mzazi na mtoto hawaguswi. WhatsApp haimo. Ila dada, huyo mtoto anaposti nini?

MamaK: Anaanika dagaa tu. Jana alikuwa laivu mwaloni na mzigo umetoka ziwani alfajiri.

Mwl_Nyakato: Laivu TikTok ni miaka 18. Kaingiaje?

MamaK: Basi niseme. Akaunti nilifungua mimi, nikaandika kazaliwa 2001. Wateja wa Dar wanaagiza kupitia yeye na nimeshachukua mkopo wa kausha damu, gunia kumi, rejesho kila siku. Msinihukumu, nikiongea mimi wanaangalia watu wanne, akiongea yeye simu inaita mpaka usiku. Na ada yake si inatoka humo humo?

Mtumishi: Mzazi mzima unajificha nyuma ya mtoto! Sisi tulilelewa kwa fimbo na shamba la pamba

Kandambili: Na bado upo humu na bando la usiku mtumishi 😂

JahaziBovu: Hii chai. Jana mwezi ulikuwa mpevu, dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mitumbwi yote imelala. Huo mzigo wa alfajiri umetoka ziwa gani?

Kandambili: Chai ya rangi, haina hata tangawizi

MamaK: Si chai jamani! Ni wa stoo, tunawarashia maji wang'ae kwenye kamera.

Mteja_Tandika: Ahaa. Ndo maana gunia langu lilifika na ukungu.

MamaK: Dada njoo PM.