Tupeane uzoefu: Castlevania III, ya Japani na ya Marekani, ipi ilikutesa?

Ndugu wapenzi wa gemu za zamani, naomba tupeane uzoefu kuhusu Castlevania III, gemu ya kampuni ya Konami, iliyotoka Japani Desemba 1989, ikaingia Marekani mwaka 1990 na kufika Ulaya mwaka 1992. Tangu Konami walipoyaweka matoleo ya Japani na Marekani katika mkusanyiko mmoja mwaka 2019, nimekuwa nikiyacheza yote mawili, na nimeridhika kwamba sifa yake ya ukatili inatokana na lile la Marekani. Katika toleo la Japani kila adui ana kiwango chake cha kuumiza, kwa hiyo popo hawezi kukudhuru sawa na askari mwenye shoka. Katika la Marekani kiwango hufuata hatua uliyofikia, hata popo wa karibu na mwisho anakata uhai kama jitu. Naona hilo si haki, kwa kuwa mchezaji aliyejifunza kuwatofautisha maadui hapati faida yoyote ya maarifa yake. Ninyi mlicheza lipi, na mlikwama wapi?

Mdau, Mombasa
Mleta mada, mimi nitamsemea Grant, yule mwenzi wa shujaa anayepanda kuta na dari. Katika toleo la Marekani amepewa kisu kifupi kinachomlazimu kumkaribia adui, na ndiyo maana nilimwona mzigo, nikampendelea mwenzi mwingine, Sypha, na uchawi wake. Nilipolipata toleo la Japani nilikuta silaha yake ya kawaida ni visu vya kurusha, visivyopunguza mioyo (akiba inayolipia silaha za ziada) hata kidogo. Ni mtu mwingine kabisa, na njia nilizokuwa nikiziogopa zikawa za kupitika.

Mdau, Leicester
Nakubaliana nanyi, ila kilichonigusa zaidi ni muziki. Kaseti ya Japani ilibeba chipu ya Konami iitwayo VRC6, inayoongeza njia tatu za sauti juu ya zile tano za mashine yenyewe, na Famicom, mashine ya gemu iliyouzwa Japani, iliruhusu sauti ya kaseti ichanganyike na yake. NES, mashine hiyo hiyo kwa umbo lililouzwa Marekani na Ulaya, haikuwa na uwezo huo, hivyo muziki ukapangwa upya. Sikilizeni wimbo wa hatua ya kwanza katika matoleo yote mawili. Besi ya Japani ina uzito ambao huku hatukuwahi kuusikia.

Mdau, Muscat
Mimi nilikwama kwenye mawe yanayodondoka, ambapo unasubiri yarundikane ndipo upande. Trevor, shujaa mkuu, akisharuka hawezi kugeuza mwelekeo, na akiguswa anasukumwa nyuma, mara nyingi shimoni. Kwa wanaocheza la Marekani, andikeni HELP ME mahali pa jina. Mtaanza na roho kumi.

Mleta mada
Ahsante, ndugu wa Muscat, hiyo itawafaa wengi. Kuhusu sababu ya kuongezewa ugumu, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba Marekani gemu zilikodishwa madukani kwa siku chache, na mtengenezaji hakutaka zimalizwe kabla ya kurudishwa, ilhali Japani ukodishaji huo haukuruhusiwa. Ninamshauri anayeanza sasa acheze la Japani kwanza akiwa na Grant, kisha alifuate la Marekani na Sypha, kwa sababu barafu yake huwagandisha maadui wale wale ambao kisu kifupi hakiwafikii.